Nilivyomtuma Mama Chumvi

Mama yangu mzazi, Veridiana, aliugua kwa sababu nilimheshimu kupita kiasi. Nasema hivi bila kumung'unya maneno, maana miaka mingi watu wa mtaa wetu wa Lisekese wamenisema kwa jambo la pili, lile la kumtuma mama yangu sokoni, na hakuna hata mmoja aliyenisema kwa la kwanza. Kwa la kwanza walinisifu.

Nilimchukua kijijini kwetu Mkunya mwaka 1994, miezi michache baada ya baba kufariki. Kule mama alikuwa mwembamba, mwepesi, mtu wa kutokaa. Alfajiri aliteremka bondeni kuchota maji akapanda nayo kichwani. Akishayatua anatwanga, akimaliza kutwanga yuko kwenye mikorosho anafyeka. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Masasi. Mume wangu alikuwa Mtwara akifanya kazi kwa wanunuzi binafsi wa korosho waliokuja baada ya biashara kufunguliwa, na mwanangu Dickson alikuwa bweni Lukuledi. Nyumba ilikuwa kubwa, na jioni nilikula peke yangu. Nikamwambia mama, "Njoo upumzike. Umefanya kazi vya kutosha."

Akaja, akapumzika. Maji yaliletwa na baiskeli, madumu manne kila asubuhi. Unga ulisagwa mashineni. Akishika fagio namnyang'anya, akisogeza sufuria nasema, "Mama, acha, hiyo ni kazi yangu." Wageni wakija walinikuta nikimpelekea maji ya kunawa pale pale kwenye mkeka, wakasema Anjelina ana bahati ya kupata radhi ya mzazi. Nilijisikia vizuri, sitadanganya.

Duka nalo lilikuwa hatua thelathini tu kutoka mlangoni, la Muharami. Sabuni, sukari, mafuta, vibiriti, vyote vimepangwa. Mara ya kwanza mama alisimama mbele ya rafu za duka lile akaangalia tu chumvi. Nilijua anawaza nini. Miaka ya foleni, bidhaa zilipoadimika nchi nzima, alikuwa akitembea kutoka Mkunya mpaka Newala kusubiri chumvi, na siku moja alirudi jioni mikono mitupu. Alipika kisamvu bila chumvi, na baba akala mpaka akamaliza bila kusema neno. Mama hakuwahi kuisahau siku ile. Sasa chumvi ilikuwa hatua thelathini, na hata hizo thelathini nilimzuia, nilikwenda mimi.

Mwaka ukapita. Mama akanenepa, nami nikafurahi, kwetu mzazi akinenepa kwa mwanawe ni sifa. Kisha akaanza kunywa maji mtungi mzima kwa siku. Akawa anaamka kila mara kwenda nje. Kidonda kidogo cha kidole cha mguu, alichokipata kwa kujikwaa kizingitini, kikakataa kupona. Nikampeleka hospitali.

Tabibu aliyetupokea alikuwa kijana mpole, jina lake Mujibu. Alimtoboa kidole, akapima damu, akarudi na uso wa mtu anayetafuta maneno.

"Bibi, una sukari. Imepanda sana. Unafanya mazoezi?"

"Mazoezi ya mechi gani, mjukuu wangu?"

Mujibu alicheka, halafu akaacha kucheka. Akampa vidonge, akamkataza soda na chai ya sukari, akamwambia ni lazima mwili wake utoke jasho kila siku. Atampima kila mwezi, kwa miezi mitatu. Sukari ikishuka, ataendelea na vidonge na anaweza kuishi popote. Isiposhuka itakuwa sindano kila siku, na kwa sindano asingeweza kukaa mbali na hospitali.

"Kwa hiyo sirudi Mkunya," mama akasema.

"Ikifika huko, Bibi, hapana."

Tulipofika nyumbani alikaa kizingitini, akanitazama. "Anjelina, nyumba yangu ipo. Mikorosho niliyopanda na baba yako ipo. Na yeye mwenyewe yupo pale nyuma ya nyumba, nani anamfagilia? Mimi sikuja kuhamia. Nilikuja kupumzika."

"Mama, hapa ni kwako pia."

"Hapa ni kwako," akasema, taratibu, bila ubaya wowote.

Naandika hili kwa aibu: moyoni niliwaza kwamba sukari isiposhuka, mama atabaki. Sikumwombea mabaya. Lakini wazo lilipita, nami sikulifukuza upesi.

Basi tukaanza mazoezi. Shuleni mimi ndiye niliyekuwa nikiwasimamia watoto kwa michezo, nikijua mazoezi ni nini: mikono juu, mikono chini, kuruka, kuinama kugusa vidole. Alfajiri nilimsimamisha mama uani na kanga yake, nikapiga filimbi. Ndiyo, nilipiga filimbi. Mama akainua mikono, akaishusha, akaniangalia, akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Ng'ambo ya ua alichungulia jirani yetu, Mama Yasmini, akauliza kama kuna mtu amepandwa na pepo. Siku ya tatu mama alikataa kutoka ndani.

"Kwani kwenda sokoni si mazoezi?" akaniuliza.

"Hapana, Mama. Huko ni kununua vitu."

"Miguu inayokwenda si ni hii hii?"

Nilimjibu kiualimu, nikamweleza tofauti ya mazoezi na shughuli. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, halafu akachukua kapu lake akaenda sokoni. Sikumzuia, angalau alitoka ndani. Akawa anakwenda kila siku, nami nilijua soko la mjini si karibu.

Mwezi wa kwanza ulipotimia, Mujibu alimpima. Haikuwa imeshuka hata kidogo.

"Lakini anakwenda sokoni kila siku," nikasema. Nilishangaa kujisikia nikimtetea.

"Bibi, unakwendaje?"

Mama akaeleza. Akitoka mlangoni, Muharami anamwona. "Shikamoo Bibi! Unakwenda wapi na jua hili? Panda." Anapandishwa kwenye kibao cha baiskeli mpaka sokoni, Muharami akienda kuchukua mzigo wa duka lake. Sokoni mama wa nyanya anampa kigoda, mama wa dagaa anamletea dagaa pale pale, mwingine anakwenda kumtafutia bamia. Kurudi, baiskeli tena, kapu limefungwa kwenye usukani. Lisekese nzima ilikuwa ikimheshimu mama yangu, na Mujibu akashika kichwa.

"Bibi, si wewe unayekwenda sokoni, unapelekwa. Hayo si mazoezi. Ungekwenda kwa miguu yako, ukarudi na kapu lako, hayo yangekuwa mazoezi kamili, wala nisingekudai mengine."

"Yawe ya kiasi gani?" nikauliza.

"Atembee mpaka pumzi ibadilike. Aweze kuzungumza, lakini akijaribu kuimba ashindwe. Akiweza kuimba, anatembea polepole mno."

"Na watu nitawakataaje?" mama akauliza. "Mtu ameshuka kwenye baiskeli kwa heshima, nimwambie ondoka? Atauliza nakwenda wapi. Nimwambie natembea tu? Mwezi huu korosho zinaanguka. Mtu mzima anayepita kwenye mashamba ya watu bila shughuli anatafuta nini?"

Mujibu, ambaye naye alizaliwa huku huku kwetu, alielewa. Alifikiri kidogo. "Angekuwa na shughuli ya lazima, je? Angekuwa ametumwa?"

Kwetu mtoto hamtumi mzazi. Mtoto hutumwa, mdogo hutumwa, mke mdogo hutumwa na mkubwa. Mimi nimezaa, nina cheo cha ualimu, lakini sijawahi kumwambia mama yangu hata nipe hicho kijiko. Mujibu akaangalia pembeni, akaandika kitu kwenye cheti.

Siku mbili nilizunguka na neno mdomoni. Siku ya tatu, Jumamosi asubuhi, mama alikuwa uani akisukwa na Mama Yasmini. Nilisimama mlangoni.

"Mama. Chumvi imekwisha. Nenda kaninunulie."

Mkono wa Mama Yasmini ukasimama hewani na kitana. Mama akanitazama. Kisha akainuka na nywele nusu zimesukwa, akafunga kilemba, akachukua kapu. "Ya dukani au ya sokoni?"

"Ya sokoni."

"Haya, mwanangu."

Akatoka. Muharami alikuwa mlangoni kwake. "Shikamoo Bibi, panda nikufikishe."

"Marahaba. Siwezi kupanda. Nimetumwa."

"Umetumwa? Na nani?"

"Na Anjelina. Chumvi."

"Chumvi ninayo hapa!"

"Amesema ya sokoni," mama akajibu, akiwa ameshapita. Muharami akageuka kunitazama, na naapa mtu angedhani nimemtukana mama yake mwenyewe. Wiki nzima hakunisalimia, na sijui kilichomuuma zaidi kilikuwa heshima ya mama au chumvi yake.

Kutoka siku ile nikawa namtuma kila asubuhi kabla sijaenda shuleni. Mimi sijui kudanganya vizuri, kwa hiyo kila siku nilisema chumvi. Angalau ningesema vitunguu siku moja, lakini ulimi ulikuwa umeshazoea. Nilificha kopo la chumvi nyuma ya gunia la mkaa, na mama hakuwahi kuuliza ile ya jana imekwenda wapi. Alichukua kapu akaondoka. Watu walimsikia njiani akianza wimbo wa kanisani, anaimba ubeti mmoja, akiona ameweza kuumaliza anaongeza mwendo. Mtu akitaka kumpokea mzigo anasema, "Acha, nimetumwa," na kweli hakuna aliyethubutu kuingilia ujumbe wa mtu aliyetumwa. Hasira yote ikaja kwangu.

Shuleni walimu wenzangu walikuwa wakinyamaza nikiingia. Mama Yasmini alianza kuniita "bosi". Jumamosi ya tatu akaja Anastasia, kiongozi wa akina mama wa kanisa, na wenzake wawili, wamevaa sare kabisa. Walikaa, wakakataa chai.

"Mwalimu," Anastasia akaanza, "mama aliyekubeba miezi tisa unamfanya mtumishi wa ndani? Na umri ule? Na jua lile? Elimu ndiyo imekufundisha hayo?"

Nilijaribu kueleza habari za sukari na pumzi, na kuimba na kutoimba. Nilivyozidi kueleza ndivyo ilivyozidi kusikika upuuzi. Nikaanza kulia. Ndipo mama akaingia, jasho linamtiririka, kapu mkononi. Akawaangalia wale watatu na sare zao.

"Shikamoo Mama," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba." Akahema, akaweka kapu chini. "Mwacheni. Mwaka mzima alinikalisha kwenye mkeka, hamkuja hata mara moja. Sasa ananiponya, mmekuja watatu."

Wakanywa chai.

Mwezi wa pili ulipotimia, sukari ilikuwa imeshuka. Si sana, lakini imeshuka. Kidonda kilikuwa kimekauka. Mujibu alifurahi, mama alifurahi, akaanza kuzungumzia mapaa ya nyumba ya Mkunya na nani atamsaidia kuyaezeka. Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni peke yangu. Nilihesabu wiki zilizobaki. Kesho yake, baada ya shule, nilikwenda dukani kwa Muharami nikanunua vitu vya mwezi mzima, na chumvi juu yake. Muharami alisamehe yote siku ile ile, akaniletea mwenyewe kwa baiskeli.

Asubuhi mama akawa tayari na kapu lake. "Leo unanituma nini?"

"Leo hakuna kitu, Mama. Kila kitu kipo. Pumzika."

"Na chumvi?"

"Ipo."

Siku ya pili nikasema vile vile. Siku ya tatu alikuja jikoni, akakaa kwenye kibao cha mbuzi pale karibu yangu. Hakuwa amekasirika. Laiti angekasirika.

"Anjelina. Hutaki niende?"

Nilikuwa nachambua mbaazi. Niliendelea kuchambua mpaka sikuona tena mbaazi ni ipi na jiwe ni lipi. "Sitaki," nikasema. "Nyumba hii ni kubwa, Mama. Ukienda nitakula tena peke yangu."

Akanishika kichwa akakilaza begani kwake, kama zamani. Nilikuwa na miaka thelathini na sita. "Najua," akasema. "Na mimi kule nitakula peke yangu. Lakini pale ni pangu, mwanangu. Ukinifungia hapa, nitakuwa nakuchukia kidogo kidogo, na mimi sitaki kukuchukia."

Tulipika, tukala. Asubuhi yake nilisimama mlangoni. Magunia yote niliyoletewa na Muharami yalikuwa jikoni, na yeye aliyaona, na mimi nilijua ameyaona.

"Mama," nikasema, "chumvi imekwisha."

"Ya sokoni?"

"Ya sokoni."

Mwezi wa tatu Mujibu alipima mara mbili, akidhani kipimo kimekosea. Akamwandikia vidonge, akampa mkono, akamwambia, "Bibi, nenda Mkunya. Uwe unakuja kila baada ya miezi mitatu nikuone."

Siku ya safari Lisekese nzima ilitoka. Anastasia alileta korosho za kukaanga, Muharami alimfikisha stendi kwa baiskeli, na safari hii mama akakubali kupanda. Akiwa ameshakaa garini alinivuta sikio dirishani. "Ndani ya sanduku, chini ya kitanda changu, kuna vitu vyako. Usifungue mpaka niondoke."

Nilirudi nikafungua. Chini ya kanga kuukuu zilikuwa pakiti za chumvi, zimepangwa safu kwa safu kama matofali. Nilizitoa moja moja nikaziweka sakafuni, hamsini na tatu. Juu yake alikuwa ameweka lile kopo langu nililokuwa nikilificha nyuma ya gunia la mkaa, limejaa mpaka juu. Alikuwa amelijua tangu siku ya kwanza. Nilikaa katikati ya chumvi ile nikalia, halafu nikacheka, halafu nikalia tena.

Chumvi ya mama nilipikia muda mrefu. Likizo nilikwenda Mkunya kumwona, likizo nyingine alikuja yeye kupima, na hatukuizungumzia hata mara moja. Nilimpa Mama Yasmini pakiti mbili, Anastasia moja, nyingine nikapikia, polepole, na katika kupika na kula peke yangu, na kuletewa kila kitu na baiskeli mlangoni, mimi nami nikanenepa. Pakiti ya mwisho iliisha siku ya Jumatano, mwaka 1998. Niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikapanda gari la Newala, nikafika Mkunya mchana.

Mama alikuwa akifagia pale nyuma ya nyumba, kaburini kwa baba. Aliponiona siku ya kazi, fagio likamwanguka.

"Kuna msiba?"

"Hapana, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kuna nini basi?"

"Chumvi imekwisha."

Alinitazama. Akanawa mikono, akafunga kilemba, akatungua kapu kwenye msumari. Hakuniuliza ya dukani au ya sokoni. Akashika njia ya Newala, ile ile ya foleni, nami nikamfuata nyuma kwenye mchanga. Baada ya muda akaanza wimbo wake wa kanisani. Nilitaka kuitikia, pumzi ikanikatikia kwenye neno la pili.

Mama akasimama, akageuka, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Unaishi na nani siku hizi asiyekutuma?" akauliza. Kisha akanipa kapu nilibebe, akanishika mkono wa pili, tukaendelea.